Kati ya Santuri na Spika: Jinsi Amplifaya za Nyumbani Zinavyobadilika na Miaka

Mpenzi wa muziki aliyeanza kununua vyombo vyake miaka arobaini iliyopita huenda amekwisha kupitia amplifaya nne au tano: moja nzito ya Kijapani yenye uso wa rangi ya fedha na dirisha linalowaka samawati, nyingine ya valvu, zile chupa za kioo zinazopata moto, aliyoitamani tangu ujana, nyingine nyeusi isiyo na madoido, na sasa kijisanduku kinachokaa kiganjani ambacho hakipati hata joto. Akizipanga zote mezani, swali linalomjia yeye na wageni wake ni lile lile: ipi kati ya hizi ina sauti nzuri zaidi? Nimesikiliza mabishano ya swali hilo kwa muda mrefu, nami naamini kwamba swali lenyewe huanzia mahali pasipofaa. Amplifaya haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna chombo kinachosoma muziki, mbele yake kuna spika, na karibu kila badiliko kubwa lililoipata tangu katikati ya karne iliyopita lilisukumwa na kimojawapo cha viwili hivyo.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Sindano ya kichwa cha kawaida cha gramafoni inapopita katika mfuo wa santuri huzalisha umeme wa takriban milivolti 5. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huhitaji volti 2.83 ili ipokee wati 1. Kwa hiyo volteji haina budi kukuzwa zaidi ya mara 500 kabla ya wati hiyo moja kupatikana. Hata hivyo, volteji ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni mkondo, kwa kuwa spika hiyo hiyo, kwa wati hiyo hiyo moja, huvuta kiasi cha ampea 0.35, mkondo ambao sindano haiwezi kuukaribia hata kidogo. Kwa santuri kuna jambo la tatu. Wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa ili mifuo isiwe mipana mno, na sauti nyembamba za juu huongezwa ili zizidi mchakacho wa sahani, kwa kanuni ambayo chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kiliiweka mwaka 1954. Amplifaya inapaswa kuvirudisha vyote viwili mahali pake, na marekebisho hayo hufikia takriban desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika kila upande.

CD ilipoanza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba 1982, ilikuja na umeme wa hadi volti 2, na haikuhitaji marekebisho hayo. Ghafla sehemu nyeti kuliko zote ndani ya amplifaya, ile ya kuhudumia santuri, haikuwa na kazi, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliiondoa ili kupunguza gharama. Santuri ziliporudi kupendwa, ikabidi nayo irudishwe, au iuzwe kama kisanduku cha pembeni. Mtu anayeunganisha gramafoni ya zamani na amplifaya mpya, kisha akasikia sauti hafifu, nyembamba, isiyo na besi, akahukumu kwamba amplifaya za siku hizi hazina nguvu, huwa hajakutana na udhaifu wa nguvu. Amekutana na sehemu iliyoondolewa.

Sasa turudi nyuma, kwenye valvu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kipande cha tatu ndani ya balbu ambayo hadi wakati huo ilikuwa na viwili, na kwa kipande hicho umeme mdogo ukaweza kuutawala umeme mkubwa. Ndani ya chupa isiyo na hewa kuna kathodi inayopashwa moto hadi itoe elektroni, kuna anodi inayozivuta kwa volteji ya mamia, na kati yao kuna gridi, wavu mwembamba wa waya ambao volteji yake ndogo huuzuia au kuuachia mtiririko mzima, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba la maji ya mtaa. Tabia ya valvu ni volteji kubwa na mkondo mdogo, ilhali spika hutaka kinyume chake. Ndiyo maana karibu kila amplifaya ya valvu hubeba transfoma ya kutolea sauti, inayoshusha volteji na kupandisha mkondo, na transfoma hiyo ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya uzito wake, ya bei yake, na ya tabia ya sauti yake.

Dawa ya upotoshaji wa sauti ilipatikana mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa ndani ya kivuko cha Mto Hudson akielekea kazini Manhattan, na hapo ndipo lilipomjia wazo la kuchukua sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa, kuigeuza kinyume, na kuirudisha mwanzoni ili kosa lijifute lenyewe. Aliuchora mchoro wake juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times alilokuwa nalo mkononi. Huo ndio mrejesho hasi, na hadi leo amplifaya nyingi mno duniani huutegemea. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1947, D.T.N. Williamson alichapisha katika jarida la Uingereza la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 ambayo upotoshaji wake haukuzidi asilimia 0.1. Watu waliijenga majumbani kwa mikono yao, kwa valvu za KT66 na transfoma iliyosukwa kwa uangalifu mkubwa.

Naomba msomaji asiipite haraka tarakimu hiyo. Asilimia 0.1 ni kiasi ambacho sikio hupata shida sana kukitambua ndani ya muziki, na spika nyingi za leo hupotosha kuliko hivyo zikipigwa kwa sauti kubwa. Kama hamu ya watu ingekuwa usafi wa sauti peke yake, hadithi ya amplifaya ingekaribia kufikia mwisho wake mwaka 1947.

Haikuishia hapo, kwa sababu vile vitu viwili, cha nyuma na cha mbele, havikutulia. Cha kwanza kilikuwa santuri yenyewe. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba ya mpenzi wa muziki ilikuwa na spika moja na amplifaya moja. Quad II, iliyotoka mwaka 1953 katika kiwanda cha Peter Walker huko Huntingdon, Uingereza, ilitoa wati 15 kwa spika moja, na hilo halikuwa pungufu hata kidogo. Santuri za stirio zilipoingia sokoni mwaka 1958, mfuo mmoja ukawa umebeba sauti mbili, na mwenye Quad II akalazimika kununua ya pili na kuzipanga mbili ubavu kwa ubavu. Mwaka uliofuata kampuni ya Dynaco ya Marekani ilitoa Stereo 70, amplifaya mbili za wati 35 juu ya bati moja, iliyouzwa pia ikiwa vipande vya kujiunganishia mwenyewe kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Hakuna aliyekuwa amevumbua namna mpya ya kukuza sauti. Santuri iligawanyika mara mbili, na amplifaya ikaifuata.

Cha pili kilikuwa spika, na hapa ndipo penye mzizi wa mambo mengi. Spika hupimwa kwa wepesi wake wa kutoa sauti: ukiipa wati 1 na kusimama umbali wa mita 1, inatoa desibeli ngapi? Zile za pembe za zamani, kabati kubwa zilizojaza kona ya sebule, zilivuka desibeli 100, hivyo wati chache za valvu zilitosha kuitikisa nyumba. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, kwa kampuni yao ya Acoustic Research huko Massachusetts, walitoa spika ya AR-1, ambayo ilipata besi nzito kutoka katika kisanduku kidogo kilichozibwa pande zote, huku hewa iliyofungiwa humo ikifanya kazi ya springi. Familia zilifurahi kurudishiwa nafasi sebuleni. Bei ya furaha hiyo ililipwa na amplifaya, kwa maana kisanduku kidogo kikitakiwa kitoe besi ya chini hupoteza wepesi. Spika ndogo maarufu ya LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970, ina takriban desibeli 83 tu. Kila desibeli 10 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 10, kwa hiyo spika ya desibeli 83 huhitaji wati 100 ili kutoa kile ambacho spika ya desibeli 103 hutoa kwa wati 1.

Wati 100 kwa kila upande zinaweza kupatikana kwa valvu, ila kwa joto, uzito na gharama ambayo wengi hawakuwa tayari kuibeba. Transista, kipande kidogo kigumu kinachofanya kazi ya valvu, iliyozaliwa katika maabara zile zile za Bell mwezi Desemba 1947, ilikuwa na tabia iliyotakiwa: volteji ndogo, mkondo mkubwa. Haikuhitaji transfoma ya kutolea sauti, haikuhitaji kupashwa moto, na ilikuwa tayari sekunde ileile unapobonyeza swichi.

Hata hivyo, amplifaya za mwanzo za transista zilikuwa na sauti ya ukali, na wazee wanaosimulia kwamba walizirudisha dukani hawasingizii. Sababu yake inaeleweka ukifuata njia ya wimbi la sauti. Ili kupunguza joto, transista mbili hugawana kazi: moja husukuma nusu ya juu ya wimbi, ya pili huvuta nusu ya chini. Wimbi linapopita kwenye sifuri, ya kwanza inaachia na ya pili inapokea, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Ya pili ikichelewa kidogo kushika, hutokea kijipengo mahali pa makabidhiano. Pengo hilo halikui pamoja na sauti. Ukipiga muziki kwa nguvu, humezwa na ukubwa wa wimbi, lakini ukipiga polepole usiku watoto wamelala, linakuwa sehemu kubwa ya kile unachokisikia. Valvu hufanya kinyume, kwani upotoshaji wake huongezeka taratibu kadiri sauti inavyopanda na karibu kutoweka inaposhuka. Kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa kwenye nguvu za juu kabisa viliisifu transista, na masikio yaliyosikiliza kwa sauti ya kawaida yaliilaumu, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Tiba ilikuwa kuziacha transista zote mbili zipitishe mkondo kidogo hata wakati hakuna muziki, ili kijiti kipokewe kabla hakijaachiwa. Mpangilio huo huitwa daraja AB, na ndio uliotawala majumba kwa miaka hamsini. Wapo waliokwenda mbali zaidi na kuziacha zipitishe mkondo wote wakati wote, yaani daraja A, ambalo hata kwa nadharia haligeuzi zaidi ya nusu ya umeme kuwa sauti. Iliyobaki huwa joto linalotoka kwenye mbavu za alumini kama jiko lililosahauliwa. Ilibidi pia transista za elementi ya germani, ambazo kadiri zilivyopata joto ndivyo zilivyopitisha mkondo zaidi hadi zikaungua, zipishe za silikoni. Peter Walker hakutoa amplifaya yake ya transista, Quad 303 ya wati 45, hadi mwaka 1967, miaka kumi na minne baada ya Quad II. Nadhani subira hiyo ilikuwa na hekima kuliko haraka ya washindani wake.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya mashindano ya wati, na kuhusu hayo sina haja ya kusema mengi. Madai ya uongo yalienea kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Marekani ililazimisha nguvu ipimwe chaneli zote zikifanya kazi kwa mfululizo, baada ya kifaa kupashwa moto kwanza. Miongoni mwa vilele vyake ilikuwa Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978, wati 270 kwa kila upande na uzito wa kilo 35 hivi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeona “PMPO wati 5,000”, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa, kwenye boksi la sabufa inayochomekwa kwa waya mwembamba kama wa taa anaona desturi ile ile ambayo sheria ya 1974 ilikusudia kuikomesha. Nguvu halisi inayotoka haiwezi kuzidi umeme unaoingia, na kiasi hicho huandikwa nyuma ya chombo, karibu na waya.

Sambamba na wati kulikuwa na mashindano ya sifuri: upotoshaji wa asilimia 0.01, kisha 0.001. Mwaka 1970 mhandisi wa Kifini, Matti Otala, alionyesha kwamba amplifaya iliyopakwa mrejesho mwingi juu ya saketi nzito kugeuka inaweza kupima vizuri kwa mlio mmoja uliotulia, na bado ikakwama pale muziki unaporuka ghafla. Kosa halikuwa la mrejesho wenyewe, kama wengi walivyodhani baadaye hadi wakauogopa. Saketi ilipaswa kuwa nyepesi kwanza, kabla ya kurekebishwa. Somo lingine lilitoka kwa NAD 3020 ya mwaka 1978. Ilitangazwa kuwa ya wati 20 tu, lakini iliweza kutoa mkondo mwingi kwa muda mfupi kila ngoma ilipopigwa, hata kwa spika ambazo ukinzani wake hushuka mbali chini ya omu 8 zilizoandikwa. Ilizishinda nyingi zilizokuwa na tarakimu kubwa kuliko yake, kwa sababu mbunifu wake alifikiria spika iliyo nje ya dirisha la maabara.

Kijisanduku cha kiganjani nacho kina wazo la zamani ndani yake. Badala ya transista kufunguka nusu na kupoteza umeme kama joto, hufunguka kabisa au kufunga kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, na urefu wa kila mpigo ndio unaobeba umbo la wimbi. Mwishoni koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kihifadhi umeme) huzichuja pigo hizo zibaki sauti. Hilo ni daraja D, na herufi hiyo haisimami badala ya “dijitali”. Ilifuata tu A, B na C. Clive Sinclair wa Uingereza aliuza amplifaya ya namna hii katika miaka ya 1960, nayo haikufaulu kwa kuwa transista za wakati ule hazikuwa na kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasi ilikuwa imepatikana, na Bruno Putzeys, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa Philips, alionyesha jinsi ya kuchukua mrejesho baada ya koili, ili spika yoyote itakayounganishwa isibadilishe sauti. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika, jambo hili si dogo: zaidi ya asilimia 90 ya umeme huweza kuwa sauti, na chipu ya dola chache ikilishwa na betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa jua hutoa karibu wati 8 kwa spika ya omu 8. Kwa spika nyepesi, hizo ni nyingi.

Nimezungumzia amplifaya zinazopokezana. Amplifaya moja nayo hubadilika ikiwa palepale kabatini. Kapasita kubwa za umeme hukauka, na kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Dalili yake ni mngurumo wa hezi 100 unaosikika hata sauti ikiwa imefungwa, kwa sababu umeme wetu wa hezi 50 hupita kwenye diodi, vipande vinavyoupitisha upande mmoja tu, na kutoka ukiwa umekunjwa mara mbili. Valvu za kutolea sauti huchoka baada ya saa elfu chache. Niliwahi kufungua amplifaya ya Kijapani ambayo upande wake wa kushoto ulipotea kila nilipopiga polepole na kurudi kila nilipoongeza sauti, nikakaribia kuibadilisha yote. Ndani yake, nyuma ya transfoma, palikuwa na relei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kulinda spika, na vidoti vyake vya mguso vilikuwa vimefanya weusi kama sarafu iliyokaa motoni. Sauti ndogo haikuweza kupenya weusi huo, kubwa iliweza. Karatasi ngumu iliyochovywa kwenye spiriti, ikapitishwa mara tano au sita kati ya vidoti, ilirudisha upande mzima.

Nyingine niliipoteza kwa uzembe wangu na ukimya wa aliyeniuzia. Ilikuwa ya mitumba, imekuja moja kwa moja kutoka Japani, na nyuma yake palikuwa na kibandiko kidogo kilichosema volti 100. Umeme wa kwetu ni volti 230. Transfoma ililia kwa sekunde mbili, ikanuka vanishi iliyoungua, basi. Anayenunua chombo cha soko la ndani la Japani, au la Marekani ambako umeme ni volti 120, asome kibandiko hicho kabla ya kuigusa plagi, na aweke transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi kile chombo kinachokula.

Hivi sasa amplifaya inahamia ndani ya spika. Katika spika zenye nguvu zao wenyewe, sauti hugawanywa kwanza, besi huku na za juu kule, kisha kila koni hupewa amplifaya yake iliyopimwa kwa ajili yake peke yake. Na sabufa ya sebuleni inayopokea muziki wa simu kwa Bluututhi ni ndugu maskini wa wazo hilo hilo. Kwa upande wa sauti, sioni hoja nzito ya kulipinga, kwa kuwa mbunifu anaijua spika anayoitumikia. Hoja yangu iko kwenye meza ya fundi. Transista ya 2N3055 iliyofungwa kwa skrubu mbili hubadilishwa kwa bisibisi, mita na chuma cha kulehemu, na mwenzake hupatikana bado katika maduka ya vipuri. Chipu ya ukubwa wa ukucha iliyogandishwa kwenye bodi ndani ya kasha la spika, ikiungua, mara nyingi huondoka na spika nzima.